Minyoo ya kuku: mbona nimetia dawa na wamerudi?

SUALI: Assalamu alaykum, Daktari. Mimi ni mfugaji wa kuku wa kienyeji hapa Konde, Pemba. Kuku wangu ni 18, pamoja na matembe. Zilipoanza mvua za masika niliwaona wanakonda ilhali wanakula vizuri, na undu wao ukapauka. Nilinunua dawa ya unga ya piperazini, nikaitia kwenye maji yao, na siku ya pili nikaona katika kinyesi minyoo weupe, warefu kama kidole. Miezi miwili haijatimia, hali imerudi ile ile, na koo mmoja niliyemchinja nilimkuta na minyoo wengine, bapa kama utepe. Je, niliuziwa dawa mbovu? Jirani yangu ananishauri niwape vidonge vya minyoo ambavyo watoto hupewa skuli. Pia nina wasiwasi na wajukuu wanaocheza uani.

JIBU: Wa alaykum salaam, mama. Dawa haikuwa mbovu, na ushahidi umeutoa wewe mwenyewe, kwani ingekuwa mbovu usingewaona minyoo wakitoka siku ya pili. Isipokuwa dawa hiyo ina mpaka wake, na kuku wako wana minyoo wa namna mbili.

Wale weupe ni chango wa kuku. Piperazini humpoozesha chango, akashindwa kujizuia ndani ya utumbo, akatolewa pamoja na kinyesi. Lakini humpata zaidi aliyekwisha kukomaa. Wachanga waliojichimbia katika ukuta wa utumbo hubakia, na mayai yaliyokwisha kuanguka ardhini hayaguswi kabisa. Yai la chango likikaa penye unyevu na joto huchukua kiasi cha wiki mbili hadi kuweza kuambukiza, na kuku akilidonoa, mnyoo atakayetoka humo huhitaji baina ya wiki 5 na 8 kukua na kuanza kutaga. Ukiijumlisha hesabu hiyo utaiona ndiyo hiyo miezi yako miwili. Kwa hivyo, kuku wako walipona, kisha wakaambukizwa upya na uwanja wao wenyewe.

Kwa sababu hiyo dawa ya chango hurudiwa baada ya wiki 3 hivi, ili wale waliokuwa wachanga mara ya kwanza wakutwe wamekua. Ningependelea safari hii utumie levamisoli, kwa kuwa inawapata pia minyoo wadogo wa utumbo kipofu na wale wembamba kama unywele, ambao piperazini haiwawezi. Kipimo kifuate maandishi ya pakiti na uzito wa kuku, wala kisikisiwe kwa kijiko.

Namna ya kunywesha nayo ina taabu yake wakati wa mvua. Kuku wanaozurura hunywa kwenye madimbwi na chini ya michirizi ya bati, na yale maji ya dawa uliyowawekea wakayaacha. Wafungie bandani usiku, asubuhi wakae saa moja au mbili bila maji, kisha uwape maji ya dawa kwa kiasi watakachoweza kuyamaliza, na usiwafungulie mpaka wayamalize. Kwa kuku 18, mimi ningewakamata usiku mmoja mmoja na kuwanywesha kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kazi ni kubwa, lakini utakuwa na hakika kila mmoja amepata chake. Baada ya hapo wazuie ndani siku mbili, uzoe kinyesi chote na kukifukia mbali, kwa maana minyoo wanaotoka wamejaa mayai, na kuku hawachelei kuwadonoa.

Wale bapa ni tegu, na hao piperazini wala levamisoli haiwaui. Hutibiwa kwa prazikwanteli au niklosamidi, na albendazoli ya mifugo pia husaidia ikiwa kipimo kimetosha. Tegu hapiti moja kwa moja kutoka kuku hadi kuku: vipande vyake, mfano wa punje za mchele, huanguka na kinyesi, huliwa na chungu, madundu au nzi, na kuku akimla mdudu huyo ndipo anapoambukizwa. Kwa mfugaji wa uani hakuna njia ya kumzuia kuku asile wadudu, lakini samadi iliyorundikwa kando ya banda ni karamu ya madundu, na hiyo waweza kuiondoa.

Ama vidonge vya skuli, hapana. Kidonge cha albendazoli cha miligramu 400 kimepimwa kwa mwili wa binadamu, ilhali kuku hupewa takriban miligramu 10 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito wake. Kuku wa kilo moja na nusu akimezeshwa kidonge kizima atakuwa amepata zaidi ya mara kumi. Na dawa yoyote utakayoitumia, mayai na nyama visiliwe mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye pakiti.

Kuhusu banda, mayai ya chango hayasumbuliwi sana na dawa za kusafishia. Yanachokiogopa ni jua na ukavu. Punguza matawi yanayolifunika, badilisha mchanga wa sakafuni, inua vyombo vya chakula kutoka chini, na vifaranga walio chini ya miezi mitatu walelewe mbali na wakubwa, kwani hao ndio wanaoumia zaidi. Wape wote dawa kabla ya masika na kila baada ya miezi mitatu, na ikiwa unachanja mdondo, dawa ya minyoo itangulie chanjo kwa wiki moja au mbili.

Wajukuu wako hawatapata chango kutoka kwa kuku. Chango wa binadamu ni mwengine. Hatari ya kinyesi cha kuku kwao ni vijidudu vya kuharisha, basi waoshe mikono kwa sabuni.

Iwapo utaona vifaranga wanatoa kinyesi chenye damu, usikimbilie tena dawa ya minyoo. Hiyo huenda ikawa koksidia, maradhi ya utumbo yanayoletwa na vijidudu visivyokuwa minyoo, ambayo dawa yake ni nyengine, kama vile amproliamu. Chukua kinyesi kibichi katika chombo safi, umpelekee afisa mifugo siku hiyo hiyo kikatazamwe kwa darubini.