Hujapoteza miaka, mdogo wangu

Mdogo wangu, unasema ulifundisha, ukauza dagaa Kibirizi, sasa unafunga sola Ujiji, huko huko Kigoma, na uliosoma nao wana vyeo. Unauliza kama umepoteza miaka. Hapana! Mvuvi akielewa unavyomweleza kutunza betri, huo ni ualimu wako. Ukimkopesha wakati wa mbalamwezi, taa haziwavuti dagaa na boti zimepumzika, ukijua atalipa giza likirudi, hilo umelijulia kwenye dagaa. Fundi aliyetoka chuoni moja kwa moja atalijulia wapi?

Umeandika pia kwamba asubuhi unaamka na hamu ya kazi. Nadhani kinachokuuma ni maneno ya vikao vya ukoo, siyo kazi yenyewe. Kuhusu uzeeni, NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inapokea waliojiajiri; anza kuchangia, hata kidogo kidogo.