Pensheni Jamii italindwa na daftari la vizazi na vifo

Kama unaishi na mzee anayekaribia miaka 70, Unguja au Pemba, shughulikia sasa karatasi zake za Pensheni Jamii, fedha za kila mwezi ambazo Serikali ya Zanzibar huwalipa wazee waliotimiza miaka hiyo. Usingoje atimize. Nililiona hili kwa bibi yangu: cheti cha kuzaliwa kina mwaka mmoja, kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kina mwaka mwingine, na afisa hawezi kujua upi ni wa kweli. Tukahangaika kutafuta wazee waliosoma naye chuo cha Kurani utotoni waje watoe ushahidi, na wengi wao walishatangulia mbele ya haki.

Pensheni Jamii ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Mzee hakuchangia chochote, fedha zinatoka kwenye bajeti ya Serikali ya Mapinduzi. Mchuma karafuu na mvuvi, ambao hawakuwahi kuwa na mwajiri, nao wamo. Wapo wanaotaka wenye uwezo wachujwe ili fedha zitoshe. Sikubaliani nao hata kidogo. Kuchuja kunataka maafisa wapite nyumba kwa nyumba kupima umaskini, nao wanalipwa, na hapo ndipo kujuana kunapoingia. Utaratibu wa sasa unauliza mambo matatu tu: umri, ukaazi, na kama mzee yu hai.

Hilo la tatu liko mikononi mwetu sisi jamaa. Kwetu maiti huzikwa haraka, mara nyingi siku hiyohiyo, hitima ikapita, na cheti cha kifo hakikumbukwi mpaka siku ya mirathi. Jina la marehemu likiendelea kulipwa mwaka mzima, kwa 50,000 kila mwezi zimekwenda 600,000, pensheni kamili ya mzee mwingine kwa mwaka huo. Na anayezipokea anajua si zake. Basi kabla watu hawajatawanyika msibani, mchagueni mmoja aende kusajili kifo.

Serikali nayo ina sehemu yake. Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, uliotokana na sheria ya 2018, ndio unaosajili vizazi na vifo. Ningependa kifo kikishaandikwa huko, jina liondoke lenyewe kwenye orodha ya malipo, ili asiwepo mzee wa miaka 90 anayebebwa kupelekwa kuhakikiwa kuwa bado anapumua.