Hesabu krosi, usihesabu miezi

Swali la wiki hii: "Kocha mpya anaboronga. Shabiki amvumilie hadi lini?" Najua majibu mengi yatakuwa ya muda. Kuna watakaosema mechi 10, kuna watakaosema msimu mzima, na hatakosekana wa kutukumbusha kwamba Alex Ferguson aliingia Manchester United Novemba 1986 na hakubeba kombe hadi Mei 1990. Ni kweli. Ila kwa kila Ferguson mmoja kuna makocha kadhaa waliovumiliwa vivyo hivyo na timu ikazidi kuzama, kwa hiyo mfano huo haumsaidii shabiki kuamua lolote. Nionavyo mimi, kalenda haipimi kocha. Kinachompima ni kosa linalojirudia: je, analiona, na je, analigusa?

Chukua David Moyes, maana kisa chake kimekamilika na kila mechi yake inajulikana. Alikabidhiwa United Julai 2013 kwa mkataba wa miaka sita. Timu ilikuwa imetoka kutwaa ubingwa kwa tofauti ya pointi 11. Ferguson mwenyewe alishika kipaza sauti Old Trafford, Mei 12, akawaambia mashabiki kazi yao sasa ni kusimama na kocha mpya. Wakasimama. Jukwaani likatundikwa bango kubwa la kumwita Moyes mteule. Hakuna kocha aliyeanza na mtaji mkubwa wa imani kuliko huo.

Mtaji uliliwa taratibu, na haukuanza kuliwa na vipigo. Kwanza aliondoa benchi la ufundi karibu lote: Mike Phelan, René Meulensteen na kocha wa makipa Eric Steele, akaja na watu wake wa Everton. Kocha kuja na watu wake ni jambo la kawaida. Lakini mtu anayerithi bingwa na kufuta kumbukumbu yote ya mazoezini kwa siku moja anajinyima wa kumwambia "zoezi hili hapa tulikuwa tunalifanya hivi". Dirisha la usajili nalo likafungwa akiwa amesajiliwa mtu mmoja tu wa maana, Marouane Fellaini, kwa pauni milioni 27.5, wakati kipengele cha kumnunua kwa milioni 23.5 kilikuwa kimeisha mwezi mmoja kabla. Hilo ni la uongozi kuliko kocha. Ed Woodward, bosi wa uongozi wa klabu, alikuwa mgeni kwenye kiti chake kama Moyes. Shabiki makini anatakiwa kutenganisha madeni haya mawili, na wengi hawatenganishi.

Halafu yakaja yale ya uwanjani. West Brom ikashinda Old Trafford kwa mara ya kwanza tangu 1978, Newcastle kwa mara ya kwanza tangu 1972, Everton kwa mara ya kwanza tangu 1992. Ukijumlisha na Tottenham, Liverpool na Manchester City, ni vipigo 6 vya ligi nyumbani chini ya Moyes. Mechi iliyoeleza ugonjwa vizuri, hata hivyo, ilikuwa sare.

Februari 9, 2014, Fulham, waliokuwa mkiani mwa ligi, walitoka 2-2 Old Trafford. United walimwaga krosi 81, yaani mipira ya kutoka pembeni kwenda mbele ya goli, na zaidi ya robo tatu hazikumfikia mtu wao. Kwenye benchi la Fulham aliketi Meulensteen, yule yule aliyeachwa aondoke majira ya kiangazi. Baada ya mechi beki Dan Burn, jitu la karibu mita 2, alisema hajapiga vichwa mipira mingi namna ile tangu alipokuwa akicheza ligi za chini.

Kwa nini krosi 81 hazileti ushindi? Krosi ikipigwa kutoka mbali pembeni, tuseme mita 30 kutoka goli, mabeki wanaitazama ikija. Wameligeukia goli la wapinzani, mpira uko hewani sekunde moja na ushee, na beki wa kati anayo nafasi ya kupiga hatua mbili na kuruka. Kwake hilo ni zoezi la asubuhi. Krosi inayoua ni ile ya winga aliyefika mstari wa mwisho akarudisha mpira chini nyuma ya mabeki, kwenye eneo la penalti. Hapo mabeki wanakimbilia goli lao wenyewe, na anayekuja kupiga anauona mpira na lango kwa pamoja. Ili ufike pale unahitaji mtu kati ya mistari, yaani kati ya viungo na mabeki wa wapinzani, anayemvuta kiungo mkabaji au beki wa kati atoke nje ya nafasi yake. United walikuwa naye: Juan Mata, aliyenunuliwa wiki mbili kabla kwa pauni milioni 37.1. Moyes akampanga pembeni.

Imani ilivunjikia hapo. Si kwamba timu ilikosa pointi tatu. Ni kwamba mtu yeyote aliyetazama dakika 20 za kwanza angeweza kutabiri dakika 70 zilizobaki. Mechi zilizofuata dhidi ya timu zinazojazana nyuma zilikuwa na sura ile ile. Machi akafungwa 3-0 nyumbani na Liverpool, kisha 3-0 nyumbani na City, na baada ya City akasema hicho ndicho kiwango ambacho United wanapaswa kujitahidi kukifikia. Kocha wa bingwa mtetezi! Maneno ya namna hiyo hayafungishi timu, lakini yanamwambia shabiki kwamba kocha ameshakubali nafasi yake.

Kuna jambo la Machi 29 ambalo husahaulika. Ndege ndogo iliruka juu ya uwanja ikivuta bango la kumtaka Moyes aondoke, na watu waliokuwa jukwaani wakaizomea ndege. United wakaifunga Aston Villa 4-1. Wa uwanjani huwa wa mwisho kumkata kocha. Sisi wa kwenye vibanda umiza ndio wa kwanza. Sehemu ya sababu ni kamera. Televisheni inafuata mpira, kwa hiyo unaliona kosa la mtu na huuoni mpangilio uliosababisha kosa hilo. Moyes aliondolewa Aprili 22, siku mbili baada ya kufungwa 2-0 na Everton, wakati nafasi ya Ligi ya Mabingwa ilikuwa haipatikani tena hata kwa hesabu.

Sasa mweke Mikel Arteta pembeni yake. Kati ya Novemba na Desemba 2020 Arsenal walicheza mechi 7 za ligi mfululizo bila ushindi na kuambulia pointi 2. Krismasi iliwakuta nafasi ya 15. Dhidi ya Tottenham walimwaga krosi 44, wakafungwa 2-0, na Arteta akajitetea kwa hoja ya kihesabu kwamba krosi zikiwa nyingi na watu wakijaa kwenye boksi, goli litakuja tu. Ugonjwa ule ule wa Moyes, hata dawa aliyoitaja ni ile ile. Kama ungempima kwa pointi, Arteta alistahili kufungashiwa virago kabla ya Moyes.

Desemba 26 akampanga Emile Smith Rowe, kijana wa miaka 20, nyuma ya mshambuliaji, Bukayo Saka na Gabriel Martinelli pembeni. Chelsea wakapigwa 3-1. Bahati nayo ilimsukuma, maana Willian na David Luiz hawakuwepo. Lakini waliporudi hakurudi kule kule. Alipata mtu wa kati ya mistari na akamwacha pale pale. Arsenal walimaliza nafasi ya 8, msimu uliofuata wakaanza kwa vipigo vitatu bila goli hata moja, kikiwemo cha 5-0 kutoka kwa City, na kelele zikarudi upya. Wakamaliza wa 5, kisha wa pili misimu mitatu mfululizo. Waliopiga kelele Agosti 2021 walikuwa na hasira halali, ila walikuwa wanasoma jedwali badala ya uwanja.

Rúben Amorim alikuwa kinyume chake. Aliingia United Novemba 2024, katikati ya msimu, na kwa hili namtetea. Timu inayocheza Alhamisi na Jumapili ina siku moja baada ya mechi ya kupumzisha miguu, siku ya kusafiri au mazoezi mepesi, na siku ya kuamkia mechi ambayo huwezi kuwachosha watu. Mfumo mpya haufundishiki hivyo. Unahitaji wiki tano au sita za maandalizi ya msimu. Ndiyo maana nafasi ya 15 na pointi 42 za msimu wa 2024/25 sikuzihesabu zote kwake.

Lakini alipata maandalizi ya Julai 2025, na tundu likabaki pale pale. Kwenye 3-4-3 yake (mabeki watatu, wanne katikati, watatu mbele) viungo wa kati ni wawili. Mpinzani akiwa na watatu, mmoja anabaki huru. Beki wa kati wa pembeni akitoka kumfuata, nyuma yake panabaki uwazi. Winga-beki, yule wa pembeni anayekaba na kushambulia, akiingia ndani kusaidia, upande mzima unabaki wazi. Kila mfumo una shimo, na kocha anaonyesha kazi yake kwa jinsi anavyolifunika. Agosti 27 Grimsby, timu ya daraja la nne, iliwatoa kwenye Kombe la Ligi kwa penalti 12-11 baada ya sare ya 2-2. Mwezi uliofuata Amorim akasema hata Papa hawezi kumbadilishia mfumo. Januari 2026 kibarua kikaota nyasi.

Kwa hiyo, shabiki afanye nini kabla ya kuanza kuimba "aondoke"? Achukue karatasi na mechi 6 mfululizo, ziwe na za nyumbani na za ugenini. Kila goli mlilofungwa aandike lilikotokea: kona, faulo, mpira uliopotea katikati, au uwazi nyuma ya beki wa pembeni. Magoli manne kati ya nane yakitoka shimo moja, hilo ni la uwanja wa mazoezi. Yakitawanyika, huenda ni makosa ya watu au bahati mbaya. Kipa anapopiga mpira wa goli, kamera huwa inaonyesha sehemu kubwa ya uwanja; hapo ndipo pa kutazama nani anashuka kuomba mpira na mistari imeachana umbali gani. Timu ikipoteza mpira, hesabu sekunde tano: wanakaba pamoja, au mmoja anakimbia na wengine wanamtazama? Na mabadiliko ya dakika ya 60, je, yamebadili umbo au yamebadili jezi tu? Winga kwa winga huku mnafungwa 1-0, mechi tatu mfululizo, ni dalili mbaya kuliko kipigo cha 3-0.

Mashuti nayo uyagawe. Mashuti 18 ambayo 13 yamepigwa kutoka nje ya boksi ni takwimu ya kujifariji.

Kwa kipimo hiki, nadhani wana Yanga walimkatia Romain Folz mapema mno. Alichukuliwa kabla ya msimu wa 2025/26, akashinda Ngao ya Jamii 1-0 dhidi ya Simba, akaitoa Wiliete ya Angola kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, akatoka 0-0 na Mbeya City, na sehemu ya mashabiki ilikuwa tayari inanung'unika kwamba timu haichezi. Oktoba 18 akafungwa 1-0 na Silver Strikers kule Malawi, na siku hiyo hiyo akaachishwa kazi. Manung'uniko yalikuwa na msingi, kwa sababu mpira wenyewe ulikuwa mzito. Lakini karatasi yake ilikuwa bado haijajaa. Hakuna kosa lililokuwa limepata nafasi ya kurekebishwa au kupuuzwa. Wiki moja baadaye Yanga walishinda 2-0 Dar es Salaam na kuingia makundi wakiwa na kikosi kile kile. Wapo wanaosema ushindi huo unathibitisha tatizo lilikuwa kocha. Mimi nauona ni mechi moja ya nyumbani, na mechi moja ya nyumbani Moyes naye alishinda 4-1 siku ndege ilipopita.