Ukungu nyuma ya kabati: je, tuufunike kwa bodi za jipsamu?

SWALI: Ukuta wa nje wa chumba chetu cha kulala umeota ukungu mweusi nyuma ya kabati la nguo. Tumeupaka rangi mara mbili, na mara zote mbili ukungu umerudi baada ya miezi michache. Fundi anashauri tuufunike kwa bodi za jipsamu na kujaza pamba ya kioo nyuma yake, ili chumba kitunze joto pia. Je, ushauri huu unafaa?

JIBU: Haufai, walau si kwa sasa. Kwanza tafuta maji yanakotoka. Chukua kipande cha nailoni angavu, kikubwa kama ukurasa wa daftari, ukibandike ukutani kwa utepe wa gundi kingo zote nne, kisha ukiache siku mbili. Matone yakikaa upande wa chumbani, unyevu umo katika hewa mnayopumua. Yakikaa kati ya nailoni na ukuta, maji yanapita ukutani, pengine kutokana na bomba linalovuja, mfereji wa paa uliopasuka au unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi, na hapo hakuna bodi wala rangi itakayosaidia kabla ya kasoro hiyo kurekebishwa.

Kwa maelezo yako, ninashuku hewa. Hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi yenye unyevu wa asilimia 70 huacha matone juu ya kitu chochote kilichopoa chini ya nyuzi 14, na ukungu huweza kuota hata kabla matone hayajaonekana. Kabati lililojaa nguo huukinga ukuta usipate joto la chumba, huku mvuke ukipenya nyuma yake bila shida. Ukilitazama vizuri, kabati hilo tayari ni kihami joto, yaani kitu kinachozuia joto lisipite, kilichowekwa upande wa ndani, na anachopendekeza fundi ni kabati jingine lenye upana wa ukuta mzima: pamba ya kioo hupitisha mvuke, na karatasi inayofunika jipsamu ni chakula kizuri cha kuvu, tena mahali msipopaona.

Kihami kikiwekwa nje, ukuta wenyewe hubaki na joto. Ikiwa hakuna budi kiwekwe ndani, ukuta ukauke kwanza, kisha kizuizi cha mvuke, yaani tabaka lisilopitisha mvuke, kiwekwe upande wa chumbani na viungo vyake vyote vizibwe.

Kwa sasa sogezeni kabati sentimita 10 kutoka ukutani, msianike nguo chumbani, na fungueni madirisha kila siku. Ukungu uliopo usuguliwe kwa maji ya sabuni, mkiwa mmevaa barakoa na glavu. Usipigwe brashi ukiwa mkavu, maana vijimbegu vyake vitatapakaa chumba kizima. Mkitumia dawa ya klorini, msiichanganye kamwe na amonia wala siki, kwa kuwa hutoa gesi ya sumu. Lipu iliyolegea ibanduliwe, na rangi isubiri hadi ukuta ukauke kabisa.