Jibu: Programu nyepesi ya muziki kwa kompyuta ya RAM GB 2

Mkuu, kwa kompyuta hiyo ya dukani kwako Majengo, inayokwama ukipiga muziki huku unachapa barua za wateja, weka foobar2000. Ni ya bure, ipo tangu 2002, na faili la kusakinisha ni MB chache tu. Hata bando dogo linatosha. Sura yake ni kavu, haina mapambo, ndiyo maana haielemei mashine.

Ninachokipenda zaidi ni ReplayGain, sehemu ya programu hiyo inayosawazisha ukubwa wa sauti kati ya nyimbo. Umesema unachanganya ngoma za Kigogo zilizorekodiwa kwa simu na bongofleva za studio: zeze halisikiki vizuri, halafu wimbo unaofuata unapasua spika. Chagua nyimbo zote, bofya kitufe cha kulia cha mausi, ingia ReplayGain, zipime. Inaandika kipimo kwenye taarifa za faili, sauti yenyewe haiguswi, na nyimbo zinatoka kwa kiwango kinachokaribiana. Kwa duka lenye wateja hilo ni jambo kubwa sana.

VLC ibakishe kwa video. Ukihamia mfumo wa Linux badala ya Windows, chukua Audacious, programu nyingine ya muziki, nayo nyepesi. Ila pakua foobar2000 kwenye tovuti yao wenyewe, tafadhali, usikopi kwenye flashi za watu. Virusi vingi vinapitia humo.