Jibu kwa anayetoka Chake kwenda Muscat na "kilo 30" za wakala: usifunge sanduku bado

Usinunue hayo masanduku. Na kama umeshanunua, yarudishe dukani kabla risiti haijapotea.

Dada yangu umeandika hapo juu kwamba unatoka Chake, huku Pemba, kwa ndege ndogo mpaka Dar, ukifika Dar unapanda nyingine kwenda Muscat kwa nduguyo, na kurudi ni njia hiyo hiyo. Tiketi mbili mbalimbali, kwa sababu wakala kakwambia ndivyo inavyotoka rahisi, na kakwambia una kilo 30 "mpaka Muscat". Ukauliza ununue masanduku mawili magumu ya ukubwa gani, halua na embe kama vinapita, mizani utaipata wapi, na uwahi uwanjani saa ngapi. Maswali mazuri yote. Lakini limekupita lile ambalo ndilo litakalokula pesa zako: hizo kilo 30 ni za ndege ipi?

Za Chake si hizo. Ndege ndogo za huku kwetu, nyingi zikiwa ni hizi Cessna Caravan za injini moja, ruhusa yake ya kawaida ni kilo 15 kwa abiria, na mkoba wa mkononi umo ndani ya hizo hizo 15. Si 15 na saba za mkoba juu yake. Ni 15, basi. Kilo zako 30 ni za ndege kubwa, zinaanza kuhesabika Dar. Kwa hiyo wakala hakusema uongo, kasema nusu ya maneno, nayo nusu aliyobaki nayo utaisikia kwa mtu wa kaunta asubuhi ya safari, watu wamepanga foleni nyuma yako.

Hebu piga hesabu. Masanduku mawili ya kilo 15 kila moja, na mkoba wa kilo 7, jumla 37. Toa 15. Umezidisha kilo 22 kabla hujaiona bahari. Bei ya kilo inatofautiana kwa kampuni na kwa njia, basi tuseme kwa mfano tu ni shilingi 5,000: hiyo ni 110,000 kwenda, na kurudi nyingine kama hiyo, ikiwa hukuongeza hata kanga moja huko Muscat. Tukuamini kwamba utakwenda Muscat na usiongeze kitu? Haya.

Na hapo nimechukulia kwamba mzigo utakubaliwa. Kwenye ndege ndogo kulipa si kupata nafasi, na hili ndilo wengi hawalijui. Grand Caravan inaruhusiwa kuruka na uzito usiozidi kilo 3,969, na humo ndani imo ndege yenyewe, mafuta, rubani, nyinyi abiria na vifurushi vyenu. Abiria wakijaa, rubani akihitaji mafuta ya kutosha, kinachobaki kwa mzigo ni kidogo, na tena lazima kikae mahali ndege isilalie mkia. Ndiyo maana pengine hata wewe mwenyewe unapandishwa mizani. Hawakutanii, wala usione haya, mizani ile haina mdomo. Nafasi ikiwa haipo, kilo zako 22 zinabaki Chake zingoje ndege ya baadae, ikiwa nayo ina nafasi. Na ndege yako ya Muscat haisubiri sanduku.

Sasa kwa nini tiketi mbili ndiyo balaa lenyewe. Safari yote ikiwa katika tiketi moja, hata ukibadilisha ndege mara tatu na kampuni mbili, kwa kawaida panakuwa na ruhusa moja ya mzigo inayofuatwa tangu mwanzo mpaka mwisho, na sanduku linabandikwa lebo ya mji wa mwisho. Ukinunua mbili, una mikataba miwili isiyojuana. Kampuni ya kwanza haina habari kama una ndege nyingine. Inakupimia kwa ruhusa yake, inakupeleka Dar, unachukua sanduku lako mwenyewe, unatoka nalo, unaingia upya kwenye foleni ya safari za nje, unapimwa tena kwa kanuni nyingine. Ikichelewa ya kwanza ukaikosa ya pili, hasara ni yako. Ile "rahisi" ya wakala imo katika bei ya tiketi peke yake, na wakala anauza tiketi peke yake. Kilo si zake.

Na hawa mawakala wa kutuma picha kwenye WhatsApp nina neno nao. Mtu anakutumia kipande cha skrini kilichokatwa, kimeonesha saa ya kuruka na bei, safu ya mzigo imekatwa juu kwa juu. Ukimuuliza kilo ngapi anajibu "30 dada, usijali". Usijali! Asijali yeye, asiyebeba kitu. Ukirudi kumlalamikia anakwambia kanuni za kampuni zimebadilika. Hazikubadilika, zilikuwa zimeandikwa mstari wa chini aliokuficha. Msiniulize nimezijuaje tabia zao kwa kirefu hivi.

Dawa yake ni moja: mtake tiketi yenyewe, ile karatasi kamili yenye namba ya tiketi ya tarakimu 13. Kwa ndege kubwa, kama hana tarakimu 13, mara nyingi kakupa buking tu, hujawa na tiketi. Humo ndani, kwenye kila mstari wa safari, pana safu ya mzigo. Soma hiyo mstari kwa mstari. Ukikuta 30K, una kilo 30. Ukikuta 23K, 23. Ukikuta 1PC, maana yake begi moja, na mara nyingi begi hilo lisizidi kilo 23 wala jumla ya urefu, upana na kina visizidi sentimita 158. Ukikuta 0PC au NIL, umeuziwa bei ya chini kabisa isiyo na mzigo wa chini, ule wa tumboni mwa ndege, hata gramu moja, una mkoba wa mkononi tu, kwa kawaida kilo 7. Usimtegemee hata huyo wakala kukusomea: chukua namba ya buking, ile ya herufi na tarakimu sita wanayoiita PNR, ingia tovuti ya kampuni ya ndege, andika hiyo na jina lako la ukoo, uone mwenyewe.

K na PC si kitu kimoja, na hapa watu wanalizwa kila siku. Kwenye K unapewa uzito: kilo 30 unaweza kuzigawa mabegi mawili, mradi hakuna linalozidi kilo 32, maana hapo wapakiaji hawaruhusiwi kulinyanyua na kampuni nyingi hazilipokei hata kwa pesa. Kwenye PC unapewa idadi. Masanduku yako mawili ya 15 kila moja, tiketi ikiwa ni 1PC, hayahesabiwi kuwa kilo 30. La pili ni begi la ziada, unalipia begi zima, na hilo moja ulilokubaliwa limebaki na kilo 8 ulizoziacha bure. Kinyume chake, ukiweka zote 30 ndani ya sanduku moja unalipia uzito uliopita 23. Huko PC cha kufanya ni sanduku moja, lijae mpaka 22 na nusu, basi.

Kwa safari yako, kanuni ni hii na nitairudia mpaka unichoke: mzigo unafungwa kwa kipimo cha kipande cha safari chenye ruhusa ndogo kuliko vyote, kwenda na kurudi. Wewe kipande chako ni Chake–Dar. Kipimo chako ni 15. Zile 30 za Muscat zisahau, jifanye hukuzisikia.

Utaniuliza, na zawadi za watu? Zawadi zinakwenda na boti. Pemba ni kisiwa, bahari haina ugomvi na kilo kama ndege. Wewe ruka na ndege ikiwa muda huna, mzigo mtangulize siku mbili tatu kabla: kutoka Mkoani mpaka bandari ya Malindi, na kutoka Malindi mpaka Dar, apokee mtu wako. Kurudi ndiyo zaidi. Ukitua Dar na zako 30 kutoka Muscat, toa kilo 15 za kupanda nazo ndege, zilizobaki zifunge vizuri, zipande boti zije Mkoani. Boti nazo zina kikomo cha mzigo wa bure kwa abiria na zinatoza uliozidi, lakini haifanani na kutoza kwa ndege. Uandike jina na simu kwa kalamu isiyofutika pande mbili za kila kifurushi, upewe risiti yenye idadi ya vifurushi, na umpigie picha anayeupokea. Au panda boti wewe mwenyewe na mzigo wako, ndege ya kimataifa uianzie Dar au Unguja. Ukijumlisha nauli na kilo, mara nyingi hii ndiyo hesabu inayoshinda, na tumbo likichafuka kwenye mkondo wa Nungwi tafuna tangawizi.

Ikiwa lazima ulipie kilo za ziada kwenye ndege kubwa, zilipie mapema kwenye tovuti au ofisini kwao. Kampuni nyingi zinauza kilo za kabla kwa bei ya chini kuliko za kaunta, lakini dirisha hilo linafungwa saa kadhaa kabla ya kuruka, na si siku zote wakala anaweza kukuongezea baada ya tiketi kutoka. Uliza siku unayonunua, si siku unayosafiri.

Masanduku sasa. Sanduku gumu la kati, tupu, lina kilo 4 mpaka 5. Mawili ni 9. Kwa ruhusa ya 15 umebakiwa na kilo 6 za nguo, na mkoba wa mkononi umo humo, yaani unalipa nauli ya kusafirisha plastiki na magurudumu kwenda Muscat kuyatembeza. Nunua begi laini la kitambaa, lisilo na magurudumu, lenye kilo moja au moja na nusu. Na Caravan nyingi zinapakia mzigo kwenye tumbo la chini, lenye vilango vifupi: laini linaminywa linaingia, gumu linazungushwa zungushwa halafu linatiwa kando. Sidhani kama pana haja ya kusema zaidi.

Mizani: ile ndogo ya ndoana, ya kuning'iniza begi, inatosha. Huna? Panda mizani ya kupimia watu ukiwa mtupu mikono, halafu panda umebeba begi, toa. Acha nafasi ya kilo nzima, mizani ya nyumbani na ya uwanjani haziamkiani. Kifaa kizito kama kompyuta na chaja kiweke mkobani ikiwa unapanda ndege kubwa, na pawabenki lazima iwe huko mkononi, chini hairuhusiwi.

Halua tia mzigo wa chini. Mkononi wanaihesabu na vitu vya majimaji, kikomo mililita 100. Na ujue ni nzito: vikapu vinne vya kilo moja moja ni zaidi ya robo ya ruhusa yako ya Chake. Embe na matunda mabichi yana mambo yake ya karantini huko uendako, na doriani usijaribu, harufu yake itakutaja kabla hujafika kaunta. Udi chukua, vijiwe vya mkaa wa chetezo acha: mkaa umo katika vitu vinavyoweza kujiwasha moto wenyewe, unatolewa begini. Mbata, yaani nazi iliyokaushwa, hali kadhalika, nayo imo kwenye orodha ya kimataifa ya bidhaa hatari kwa ajili ya mafuta yake, namba UN 1363. Wasafiri wa umra mnaosoma hapa, ile katoni ya Zamzam ya lita 5 ambayo kampuni nyingi zinaichukua bure kutoka Jeddah, kwenye ndege ndogo ya Pemba ni kilo 5 kama kilo 5 nyengine yoyote. Ipandisheni boti.

Na mtu asiyekuhusu akikuomba kaunta umbebee "kibegi tu, una nafasi", mwambie huna. Hata kama unayo.

Tuma hapa picha ya tiketi zote mbili tukusomee safu ya mzigo. Ila funika jina na namba ya buking kwanza, kwa viwili hivyo mtu yeyote anaweza kuingia akakubadilishia safari.