Bomba likivuja chini ya theluji: mambo niliyojifunza na faiba

Vijana wanaokuja kufanya kazi za mabomba huku Alberta, Kanada, huniuliza: hiyo faiba inayofukiwa kando ya bomba inajuaje kwamba mafuta yanavuja? Ni hivi. Unarusha mwanga wa leza ndani ya uzi wa kioo, na kila mahali unapopita mwanga kidogo hurudi nyuma. Muda wa kurudi unakuonyesha umetoka mita ya ngapi, na rangi yake inakuonyesha joto la pale. Mafuta yana joto kuliko udongo, kwa hiyo panapovuja joto hupanda. Gesi ni kinyume, ikichomoka kwa presha inapoa. Mafuta huzama na gesi hupanda, ndiyo maana kebo ya faiba ya mafuta hulazwa upande wa chini na ya gesi juu ya bomba.

Kwa nini kujisumbua? Machi 2006, huko Prudhoe Bay, Alaska, zaidi ya lita 750,000 za mafuta zilimwagika chini ya theluji kupitia tundu dogo la kutu. Aliyegundua ni mfanyakazi aliyesikia harufu. Sheria ya Alaska inataka mtambo ugundue uvujaji wa asilimia 1 ya mafuta yanayopita kwa siku. Bomba la mapipa 100,000 kwa siku linaweza kupoteza mapipa 900 kila siku na bado likawa chini ya kiwango hicho.

Sasa makosa yangu. Mwaka wangu wa kwanza nilimsomea msimamizi namba ya kwenye skrini, pale joto lilipopanda: mita 12,340. Digrii 31 chini ya sifuri, eskaveta ikakwaruza ardhi ngumu kama zege kwa saa sita. Bomba kavu. Nilichosahau ni kwamba kwenye kila kiungo mafundi huacha kebo ya akiba imezungushwa, skrini huihesabu nayo, na hapo vilikuwa vimepita viungo vitatu vyenye mita 30 kila kimoja. Joto lilikuwa mita 90 nyuma, na wala halikuwa mafuta, ni sponji ya kuhifadhi joto la bomba iliyochanika. Msimamizi hakunigombeza, alinipa tu koleo.

Tangu siku hiyo, mstari mpya naukagua kwa miguu. Kwenye kila shimo la ukaguzi nauvika mzingo wa kebo mfuko wa plastiki, namwagia juu maji ya moto ya chupa ya chai, na mwenzangu kwenye skrini ananitajia kilima cha joto kimetokea mita ya ngapi. Tunaandika namba hiyo mbele ya namba ya nguzo ya alama iliyo hapo. Usiamini ramani ya ofisini.

Jambo gumu zaidi ni barafu yenyewe. Kilo moja ya barafu inakula kilojuli 334 ili iyeyuke, na muda wote huo joto lake halipandi. Uvujaji mdogo unaweza kutumia joto lake lote kuyeyusha udongo huku skrini ikikuonyesha sifuri, umetulia. Kwa hiyo usitege king'ora kwa digrii fulani tu. Rekodi mwaka mzima kwanza, kisha linganisha kila mita na jirani zake na jinsi ilivyokuwa majira hayohayo. Masika ya huku maji ya theluji hupita ndani ya mtaro na kupiga ving'ora ovyo, lakini hayo hutanda na kuhama. Uvujaji hukaa palepale ukinenepa. Ukiwa na mashine ya pili inayosikiliza mtetemo, zisome pamoja.

Kuunga faiba kwenye baridi: piga hema, washa hita, iache mashine ya kuungia ipate joto ndani yake kabla ya kuigusa. Ziba mabomba madogo ya kupitishia kebo yasiingie maji, maana maji yakiganda huibana kebo na mwanga unapotea. Vipande vya kioo unavyokata vitie kwenye chupa yenye kifuniko. Vidole vikishakufa ganzi huwezi kusikia mwiba wa kioo umeingia; utausikia kambini, ukinawa kwa maji ya moto.